Chupa Saba za Maharagwe

Flati 43, ghorofa ya nne,
Tottenham, London.
17 Novemba 1991

Mpendwa wifi yangu Sesilia,

Leo naanza mimi kukusalimu, ingawa kwa umri wewe ndiye ungeniamkia. Hujambo? Mwanao Zamda hajambo? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa, umepata nafuu? Miaka kumi na miwili sijakuuliza hali. Najionea haya kukuuliza sasa, lakini sikuweza kuandika neno jingine kabla ya hilo.

Mimi si mzima. Ni kansa ya ini, na daktari anasema nikifika mwaka mpya itakuwa bahati. Maumivu si makubwa kwa kuwa wananipa vidonge, na asubuhi mkono bado unashika kalamu. Ndiyo maana naandika asubuhi tu, kidogo kidogo. Ukiona mwandiko umebadilika, ujue ni siku nyingine.

Mwezi uliopita Zamda alimwandikia baba yake. Kaka yangu Jaffar alikuja kunisomea, kama afanyavyo siku zote. Habari zilikuwa za skuli, za mvua za huko Mbeya, na za viatu vilivyombana. Chini kabisa mtoto akauliza: "Baba, kuna mtu aliyetoka London kasema mama alimlisha bibi samaki mbaya, bibi akafa. Ni kweli?" Jaffar akaikunja barua akasema, "Nitamjibu nini mtoto huyu, dada?" Nikamwambia ale biskuti, chai inapoa.

Wifi, mama hakufa kwa samaki wako. Alikufa kwa maharagwe yangu.

Utakumbuka kile kishamba nilichokodi nyuma ya reli. Mwaka ule maharagwe yalizaa mpaka nikawa nagawia watu nisiowajua. Yalikuwa yale mabichi, ya kula na maganda yake, na mama aliyapenda kuliko chakula chochote cha nchi hii. Jirani yangu wa shambani, Margaret, alinionyesha wanavyoyaweka mpaka wakati wa baridi: tabaka la maharagwe, tabaka la chumvi, mpaka chupa ijae. Lakini mama alikuwa na presha na tumbo bovu. Chumvi nikaipunguza mpaka ikawa si chumvi tena, na siki sikutia. Badala yake nikatia mafuta, thomu, manjano na tone la ndimu, nikayafanya kama achari ya kwetu.

Achari ya kwetu huiva juani, juu ya paa. Hapa jua liko wapi? Nikazipanga chupa saba nyuma ya hita, nikazigeuza kila asubuhi kwa wiki mbili, kama nilivyomwona bibi yangu akifanya Unguja.

Wewe uliziona. Ulikuja na sare yako ya hospitali, ukainua moja ukaitazama kwenye mwanga. "Wifi, hii inatoa povu," ukasema. "Na huku si juani, ni kwenye hita. Hata kwetu Tukuyu kwenye baridi hatufanyi hivi."

"Nimefundisha upishi skuli ya wasichana miaka kumi na moja," nikakujibu. "Utanifundisha wewe?"

Mama akacheka kitini kwake. "Mwache, mwanangu. Huyu toka tulipokimbia Mapinduzi anataka London iwe Unguja. Akishindwa na jua atashindana na malkia."

Ukacheka nawe, ukairudisha chupa mahali pake. Hukusema tena. Ulikwisha sema, na mimi nilikwisha sikia.

Januari nikafungua ya kwanza. Kifuniko kilikuwa kimevimba kidogo, nikajiambia ni baridi. Mimi mwenyewe sikula, nilikuwa na mafua na chakula hakikuwa na ladha. Mama alikula sahani nzima, akapangusa mafuta kwa mkate. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi alikula kwenu, yule samaki wa kupaka. Jumapili akaniambia ananiona wawili wawili. Jioni kope zilikuwa zimelegea na maji hayapiti kooni.

Hospitali walidhani ni kiharusi. Lakini alikuwapo daktari mmoja kijana ambaye hakuridhika. Akaniambia, "Muulize mama yako, wiki hii amekula kitu chochote cha kopo au cha chupa?" Unajua mama hakujua Kiingereza. Wewe ulikuwa kazini, Jaffar alikuwa njiani. Nilikuwa mimi peke yangu baina yao.

Nikamuuliza. Mama akajibu kwa shida, lakini maneno niliyaelewa: "Ya Mwanamwema. Yale ya chupa."

Nikamgeukia daktari nikamwambia, "Anasema alikula samaki, nyumbani kwa mke wa kaka yangu."

Sikupanga. Nilichoona mbele yangu ni watu wakisema mwalimu wa upishi kamuua mama yake jikoni. Maneno yakanitoka kwa Kiingereza kizuri, na daktari akayaandika. Mama alikuwa akinitazama kwa yale macho yaliyolegea. Sijui kama alitambua nilichosema. Hilo limenila kuliko kansa.

Usiniambie kwamba ulikuwa mshtuko wa siku moja. Siku ya nne nilikwenda maktaba nikasoma kitabu cha udaktari. Niliiona sumu yenyewe, ile izaliwayo ndani ya chupa iliyofungwa bila chumvi wala siki ya kutosha, na dalili zake moja moja, na kwamba iko dawa ikiwahi. Mama alikuwa hai bado. Nilikirudisha kitabu kwenye rafu, nikapanda basi nikarudi nyumbani, nikazitupa chupa zote katika shimo la taka la ghorofa. Nilizisikia zikipasuka chini moja baada ya moja. Mama alifariki siku ya tisa.

Daktari alimweleza Jaffar maneno yangu, na Jaffar akakujia nayo kama ulivyoona. Waliobaki walimalizia. Walisema nesi hakosi kujua kipi ni kibovu, kwa hiyo ulifanya kusudi. Walisema mengine ya dini yako na ya kwenu ambayo sitayaandika. Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye mkeka wa matanga, nikapokea pole.

Siku ya tatu ya matanga uliniita jikoni. "Wifi, zile chupa ziko wapi?"

"Chupa gani?" nikasema.

Ukachukua birika ukawapelekea watu chai. Machi uliondoka na mimba ya miezi minne, umeachwa, na mimi sikuja hata kukuaga. Kisha ukazaa binti, ukampa jina la mama yangu. Nilipoambiwa hivyo nilifunga mlango wa chumba changu nikakaa sakafuni.

Jaffar nimekwisha mwambia. Nilianza naye, kwa kuwa nilijijua: ningekuandikia wewe kwanza, ningejiona nimetua mzigo nikaishia hapo. Aliuliza jambo moja tu: "Sesilia alijua?" Nikasema, "Alijua." Akavaa koti akaondoka. Siku tatu hakuja. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Umemwandikia?"

"Bado."

"Unangoja nini? Ufe kwanza?"

Tangu hapo huja kila asubuhi, hukaa jikoni mpaka niweke kalamu chini. Hanisemeshi, ila hunipikia uji. Bahasha nimeiacha wazi aisome kabla ya kuipeleka posta, na ndani atatia yake. Sijui ataandika nini wala sitamuuliza.

Sikuombi uniandikie kwamba umenisamehe. Ukiweza nitashukuru, usipoweza ni haki yako. Nakuomba jambo moja: barua hii mpe Zamda aisome mwenyewe. Nakujua, utataka kuificha ili mtoto asimchukie shangazi yake. Usiifiche. Nimejitahidi niandike maneno mepesi anayoweza kuyasoma peke yake, kwani yeye ndiye aliyeuliza, na aliyekuwa na jibu ni mimi.

Msalimie mama yako kama yungali hai, na kaka yako Ulimboka, aliyekuja kukupokea uwanja wa ndege na asiniulize kitu hata kwa barua. Mungu akulinde, akupe uzee wenye watu karibu yako, na amkuze mtoto wako katika heshima niliyokunyima.

Wifi yako aliyekudhulumu, na akupendaye,

Mwanamwema