Foronya Nisizozikung'uta

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na shemeji hajambo, na kile kikohozi cha mtoto kimekwisha. Mimi mwili ni mzima, ila roho inachemka. Leo utanivumilia, maana nina hasira na kila mtu, ukiwamo wewe.

Wewe ndiye uliyenionjesha ile tamthilia ya mpelelezi wa koti jeupe. Kila jioni saa kumi na mbili yumo. Mvua haimgusi, fomu hajazi, na hata maiti zake zimepakwa wanja! Upuuzi mtupu, najua, ndiyo maana wenzangu hapa hotelini niliwadanganya kwamba nawahi taarifa ya habari. Lakini utamu wake, dada! Mtu anaingia chumbani, anatupia kikombe jicho, tayari kamjua muuaji. Sisi tunaokunja mashuka kutwa nzima, nani anatuuliza tunajua nini?

Basi mashuka yakaanza kupotea. Matatu, kisha matano, mwisho tisa. Msimamizi akafoka kwamba atatufukuza wote. Nami kichwa kimenivimba, nikamwomba atukusanye kwenye chumba cha kupigia pasi, kama afanyavyo yule wa koti jeupe. Nikatembea mbele ya watu, mikono nyuma. Nikasema mwizi ni yule anayebaki peke yake wenzake wakienda kula, tena mwenye mkoba mkubwa kuliko wetu sote. Wote wakamgeukia shangazi.

Ndiyo, shangazi yetu huyuhuyu aliyetulea, aliyeniombea hiyo kazi. Hakujitetea. Alinitazama, akatazama rundo la foronya za duveti nililolikunja, ile mifuko mikubwa ya kuvalisha mablanketi ya wageni, akavua aproni. Kwenye tamthilia anayenyamaza ndiye mwenye hatia, nikaona nimepatia. Alipokuja kwako akakwambia amechoka na kazi. Hakuchoka. Alifukuzwa, na aliyemfukuzisha ni mimi.

Juzi barua yako ikafika, na chini yake salamu zake: nimkumbuke kwa kukung'uta foronya. Nikang'aka peke yangu kwamba hata akiwa huko bado ananisimamia. Lakini yale maneno yakanikaa. Foronya ya duveti ikizunguka kwenye mashine humeza shuka, ndiyo maana kazi yangu ilikuwa kuzikung'uta moja moja kabla ya kuzikunja. Niliacha, ili niwahi saa kumi na mbili. Nikaenda stoo, nikazikung'uta zote. Yakadondoka mashuka tisa.

Alijua, dada. Siku ileile alijua, akakubali kuitwa mwizi ili mimi nibaki na kazi. Na kwa hilo nimemkasirikia pia. Kwa nini hakunizaba kofi mbele ya wote?

Leo asubuhi nimempelekea msimamizi mashuka yake na kumweleza kosa ni la nani. Amesema shangazi arudi Jumatatu, na mimi nisirudi. Sawa. Kinachonitia wazimu ni kwamba jana jioni, nikiwa nayajua yote haya, niliketi nikaitazama tena ile tamthilia mpaka muuaji akakamatwa. Na nilifurahi.

Msalimie sana shemeji, na mtoto umbusu. Shangazi usimpe salamu zangu. Msomee barua hii yote, bila kuruka neno, halafu kama bado ana salamu za kunipa, atazisema mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hana kazi na amestahili.