Sauti ya Kenny kwenye kozi ya Tantine

"Ulisema hakuna mtu atasikia. Ulisema, Tantine, umekaa kwa kiti hiki hiki," Kenny anamwambia.

Rodney, sha, rafiki yangu, nakuandikia haraka. Kaka yangu Kenny na Tantine Générose, shangazi yetu, wamepigana sasa hivi.

Unajua Tantine iko anasoma ile kozi ya mtandaoni ambapo wanasaikolojia wanafundishwa kupima wanafunzi wenye shida ya kusoma. Alimpima Kenny kama mazoezi, akarekodi. Leo Kenny anapita sebuleni, anasikia sauti yake kwa laptopu, anakwamakwama kusoma, watu ishirini wa kozi wanasikiliza mtandaoni.

Watu ishirini, sha.

"Sikutaja jina," Tantine anasema. "Nilisema tu kijana wa miaka kumi na tisa."

"Na sauti ni ya nani?"

Kenny akanyakua laptopu, akaibamiza ukutani. Tantine akamtandika kofi, mdomo ukatoka damu. Kenny akamkaba shingo. Shingo, Rodney. Tantine yetu. Nikamvuta shati mpaka ikachanika.

"Nipime sasa," akamwambia usoni. "Na hii uwaandikie wenzako wa kozi."

Halafu akamwachia. Akatema damu kwa zulia, akatoka, akafunga mlango taratibu kabisa, hata haukulia.