Mwanamke wa Kijani Uliyeniachia

Dada Pema,

Nakuandikia kwa Kiswahili kilekile ulichojifunza kwangu tukimenya viazi, maana Kinepali changu kiliishia kwenye salamu. Kuna jambo linaninyima raha na sina mwingine wa kumwambia.

Madam alipokuchukua kwenda Jeddah kumpikia mama yake, alisema ni wiki mbili tu. Siku ya tisa tukapigiwa simu. Moyo, walisema. Mwili wako ukasafirishwa kwenu kutoka hukohuko. Madam akarudi peke yake, nami hapa nyumbani kwake Al-Malqa nikabaki na kitanda chako kitupu, na ile picha ya kitambaa uliyoishonea ndani ya mto. Tara wako, mwokozi mnayemwomba ninyi Wabudha.

Ulinionyesha mara moja tu, mlango umefungwa, maana huku picha kama hiyo ni kosa. Mwanamke wa kijani ameketi juu ya ua la yungiyungi, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameushusha. Ukaniambia, "Ameushusha ili akiitwa asichelewe." Ukanisimulia kwamba zamani wakubwa wa dini walimshauri aombe kuzaliwa mwanamume, akakataa. Akaapa kurudi mwanamke kila mara, mpaka wote waokolewe. Tulicheka, sisi wawili na aproni zetu. Mimi mtoto wa kanisani, Kakamega, nimelelewa nikiogopa sanamu. Siku ile sikuogopa.

Niliogopa baadaye. Msichana mpya alikuwa anakuja, madam akaingia kukagua chumba. Aliponyanyua mto wako akahisi kitu, akafumua uzi. Akauliza ni ya nani.

Pema, nilisema sijui. Nilifikiria ikama yangu, kibali cha kukaa kilicho mkononi mwake, nikafikiria wanangu, na alipouliza tena nikasema tena sijui. Akasema, "Halas, basi, tupa." Nikaitupa kwenye taka mbele ya macho yake.

Alipotoka kwenda madukani Sulimaniyah, nilikimbilia ule mfuko. Niliikuta chini ya maganda ya vitunguu, mafuta yameshaingia pale kwenye mguu ulioshuka. Nikasugua kwa sabuni, rangi ikaanza kutoka, nikaacha. Siku kumi na moja niliibeba tumboni, ndani ya nguo. Kila madam akiniita, nilijua ameiona.

Tulipokwenda Jeddah kwa Idi, Wafula dereva alinipitisha kwa binamu yako Nima, aliyekuwa amemaliza mkataba na kufunga mizigo. Nikampa ile picha ampelekee binti yako. Aliigusisha kwenye paji la uso, akafumba macho. Hakuuliza kuhusu doa.

Hii ni wiki ya tatu, simu yake haipatikani. Sijui kama walimpekua uwanja wa ndege wakaikuta. Sijui kama binti yako ameipata. Nikisikia simu yoyote ikilia, hata ya madam, naacha vyombo nikimbie kusikiliza.

Kwaheri, dada yangu. Pumzika, wewe ambaye hukuwahi kukaa chini. Siku nitakayompata binti yako, nitamweleza lile doa lilitoka wapi. Nitamwambia kwamba mama yake alikuwa na rafiki, na rafiki huyo alimkana mara mbili kabla ya kuingiza mkono kwenye taka.

Wako,
Nekesa