Mchungwa Uliokataa Maji

Naivasha, 4 Februari 2025

Shikamoo baba. Natumai mgongo umepoa na mama hajambo. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Vile vipimo nilivyoifungia michungwa yako wakati wa Krismasi sasa vinafanya kazi. Vinahisi shina linavyonywea na kujaa, kisha vinakutumia ujumbe simuni. Mti ukiwa na kiu, utaambiwa. Usipoambiwa usimwagilie, hata roho ikikusuta.

Mwanao,
Mapenzi

Mtongwe, 19 Februari

Marahaba mwanangu. Mgongo umetulia. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Miti yote inaniomba maji kwa heshima, isipokuwa ule wa mpakani kwa Nguma. Majani yake yamekuwa manjano, ndiyo maana nilikuwa nauzidishia maji kila jioni. Tangu uniagize niache, sijautilia hata kikombe, na bado simu yasema, "Mti umeshiba." Umeshiba nini? Nimeamua kuukata kabla haujaambukiza wenzake.

Babako

Naivasha, 20 Februari

Shikamoo baba. Salamu nitazimalizia siku nyingine. Kwanza weka shoka chini. Umanjano huo ni wa mti unaozama, mizizi haipati pumzi. Kuna maji yanaufikia. Kaa karibu uangalie.

Mwanao

Naivasha, 8 Machi

Shikamoo baba. Kimya chako kinanitisha. Umeukata?

Mwanao

Mtongwe, 27 Machi

Marahaba mwanangu. Sote wazima, na mchungwa pia.

Nilijibanza nyuma ya banda la kuku. Jua lilipopoa, nikamwona Nguma anapenyeza mpira wa maji chini ya ua. Wajua hatujasemezana tangu mbuzi wake walipokula miche yangu. Nikamuuliza, "Jirani, wafanyani?"

Akasema, "Niliuona unageuka manjano, nikadhani umeutupa. Matawi mawili yako kwangu. Siwezi kuyatazama yakifa."

Kumbe tulikuwa tukiuzamisha wawili, kila mtu kwa huruma yake. Mama yako akaleta chai na mahamri, tukaketi. Mbuzi hawakutajwa.

Sasa majani mapya yanachipua. Nguma ataka ujumbe uwe unafika kwenye simu yake pia, nimekataa. Lakini jana, mti ulipoomba maji, nilimwita kabla sijafungua bomba. Akaja na kiti chake, akaketi kunisimamia nisizidishe.

Babako