Wasifu Wako Una Kosa, Dada

Mpendwa dada,

Tangu tukuzike Ipogolo, wanaume wenye tai wamelipenda sana duka langu. Hawaji kutoa kopi. Wanakuja kunifundisha kuandika.

Unakumbuka asubuhi ile nilipokuletea wodi ya wazazi tamko la chama chenu cha madaktari, karatasi bado zina joto la printa? Mgeni rasmi alikuwa getini. Mganga mfawidhi alitaka kila kitanda kibaki na mzazi mmoja. Wengine wabebe vichanga vyao wakaote jua nyuma ya jiko. Jua lenyewe Mbeya ilikuwa haijaliona tangu juzi yake.

Ukasimama mlangoni na koti lako jeupe. "Mimi mwenyekiti wa madaktari mkoa mzima, nitoe mzazi apigwe baridi kwa ajili ya picha? Sitoi mtu." Mgeni alipoingia ukamwambia, "Karibu, mheshimiwa. Ila usikae kitandani, hakuna nafasi." Nilicheka, nikajifanya nakohoa.

Wiki haikuisha, ukahamishiwa Iringa.

Msibani kwako, hukohuko Iringa, katibu wa chama alinivuta pembeni. "Kaka, kwenye wasifu andika tu kwamba aliomba uhamisho. Tusiwaudhi wakubwa."

"Daktari," nikamwambia, "mimi shule niliishia la saba. Uongo wa kiofisi hatukuufikia."

Nikausoma mbele ya jeneza kama ilivyokuwa: alihamishwa kwa sababu alikataa kuwatoa nje wazazi waliolala wawili wawili kitanda kimoja. Madaktari wakatazama viatu vyao. Kisha akasimama mmoja, akasimama wa pili, na mwisho kabisa katibu mwenyewe.

Sasa hospitali ya huku Mbeya inataka wasifu usahihishwe ndipo uwekwe kwenye faili lako. Barua yao kaniletea katibu yuleyule. "Chama kimekaa, tumekataa," akasema. "Na wewe usiguse hata neno."

Nimegusa, dada. Juzi kaja mama mmoja hapa Ilomba, mtoto mgongoni, anataka kopi ya kadi ya kliniki. Akausoma wasifu wako niliobandika ukutani, akaguna.

"Kaka, hapa umedanganya. Kile kitanda cha dirishani tulilala watatu."

Basi nimesahihisha, kama walivyotaka. Chama kimegonga muhuri, nakala imeshafika hospitali, na nyingine iko ukutani kwa herufi kubwa zaidi.

Nakukumbuka kwa hasira, dada. Machozi nimewaachia wenye muda. Wewe lala. Lala kwa nafasi.

Mdogo wako,
mchapaji wako.