Mgawo wa Saa za Barafu Redvale

Chuo Kikuu cha Redvale, Saskatchewan
4 Oktoba 1978

Shangazi Orysia,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na vifaranga je? Mimi ni mzima, ila nina hasira isiyo na pa kwenda, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tumejikusanya wasichana kumi na wanne tunaotaka kucheza hoki ya barafuni. Tulikwenda kwa mkuu wa michezo, Bwana Tackaberry, kuomba saa za uwanja. Desturi ya hapa ni kwamba Jumamosi ya kwanza ya Novemba kila timu inateleza hadi katikati ya barafu na sweta zake, zinajipanga kwa umri, na timu iliyoanza zamani zaidi inachagua saa kwanza. Changa inaokota mabaki. Tukasema sawa, tupeni hayo mabaki. Akacheka. Akasema chuo hiki hakijapata kuwa na timu ya wanawake tangu kijengwe, na yeye hatakuwa wa kwanza kuleta upuuzi huo.

Baba ameniambia ninyamaze nisome. Mama yeye alinivuta kando, akaniambia nikuulize wewe, kisha akarudi jikoni. Sasa nikuulize nini?

Mwanao,
Lesia


Vesna
10 Oktoba 1978

Lesia mwanangu,

Marahaba. Goti linauma na linafanya kazi, hayo mawili yameshazoeana. Vifaranga wa wiki hii walikuwa elfu mbili mia nne, wamekufa thelathini na mmoja. Nimeona hasara kubwa kuliko hiyo.

Timu ya wanawake ya Redvale ilianza mwaka 1916. Mimi niliingia 1937, nikiwa beki wa kushoto, na baba yako alikuwa akikaa jukwaani akiniita dada kwa sauti ili wote wasikie. Msimu wangu wa mwisho tulicheza mechi kumi na tisa, tukapoteza mbili. Mwaka 1940 nikiwa nahodha tuliambiwa tuwapishe wanaume kwa sababu ya vita, tutaitwa vita vikiisha. Viliisha 1945. Hakuna aliyetuita. Mtu anayesahau jambo lile lile kila mwaka kwa miaka thelathini na zaidi, huyo hajasahau. Ameamua.

Lakini hatukuvunjika. Golikipa wetu, Edith Fairbairn, alisema uwanja ni wao, timu ni yetu. Kila Januari tunakutana kwenye bwawa langu nyuma ya mabanda, tunavaa sweta zetu za kijani za chuo, tunacheza. Hatujaruka hata mwaka mmoja, hata ule wa baridi kali ambapo kope za Edith ziliganda akadaka kwa kukisia. Tumebaki wanane. Baba yako anaona haya, anadhani dada yake ana wazimu wa msimu.

Kwa hiyo mwambie Tackaberry ni mwongo. Ila mimi jengo lile siingii. Niliapa mlangoni pake.

Shangazi yako,
Orysia


Redvale
17 Oktoba 1978

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baridi imeanza huku, natumaini umewasha moto mapema. Barua yako nimewasomea wenzangu. Kuna aliyelia, kuna aliyetukana.

Nilimwendea Tackaberry akiwa na nahodha wa wanaume, Garth. Akasema hizo ni hadithi za bibi, na hagawi saa kwa hadithi. "Timu yenye umri huo ije isimame kwenye barafu, nitaihesabu." Garth akauliza kama watakuja na mikongojo, wakacheka wote wawili.

Lakini Shangazi, tega sikio. Amesema isimame, na amesema mbele ya shahidi. Kanuni inataka sweta za chuo na nahodha, haisemi miaka ya mchezaji.

Najua umeapa. Basi niambie, kiapo chako kimemkera Tackaberry siku gani? Analala vizuri tu. Wanaokosa barafu ni sisi. Kama nimekosa adabu unisamehe, ila sifuti neno.

Mwanao,
Lesia


Vesna
24 Oktoba 1978

Lesia,

Umekosa adabu. Barua yako niliitupa juu ya mashine ya kuangulia, ikapata joto siku tatu kama yai. Kisha nikaisoma tena. Hesabu yako ni sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nimempigia simu Edith, na Edith amewapigia wengine. Tutafika jioni ya Ijumaa, mkesha wa mgawo. Tutafutieni vitanda vya chini, siyo vya kupanda ngazi. Vareniki za kuchemsha, zilizojazwa viazi, nitaleta mimi, chakula cha hosteli sikiamini. Siku ya mgawo ninyi simameni nyuma yetu. Na waambie wenzako wasitushike mkono. Atakayeanguka atainuka mwenyewe.

Shangazi yako,
Orysia


Redvale
8 Novemba 1978

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti. Ulifika salama? Mliondoka haraka kuwahi vifaranga, hamkusikia yanayosemwa huku. Chuo kizima kinamwiga Tackaberry alivyouliza, "Akina mama, mnakwenda wapi?" nawe ukamjibu bila kusimama, "Nyuma ya timu ya wanaume, ya 1911. Mbele ya wengine wote. Tusogezeeni." Timu ya wanafunzi wa sheria, ya 1924, ilisogea kama watoto wa shule.

Kisha Edith akaanguka. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono, nikakumbuka agizo, nikaurudisha. Alivyoinuka na kwenda moja kwa moja golini akagonga milingoti yote miwili kwa gongo lake, hakuna aliyecheka tena. Na Tackaberry alipoanza kutafuta kisingizio, ni Garth yule yule aliyemwambia, "Mkuu, ulisema wasimame. Wamesimama."

Jumatano saa mbili usiku ni yetu, Shangazi. Uliichagua kama mtu anayechagua jogoo sokoni.

Sasa mkuu amegeuka asali. Tunacheza na wasichana wa chuo cha Manitoba tarehe kumi na tatu Januari, naye anataka ninyi wanane mkae viti vya mbele, mpewe maua, mtangazwe kuwa mabibi waanzilishi. Nimekushikia kiti cha katikati.

Mwanao,
Lesia


Vesna
14 Novemba 1978

Lesia mwanangu,

Marahaba. Tulifika salama. Edith ana alama kwenye nyonga yenye ukubwa wa sahani, anamwonyesha kila mgeni.

Waanzilishi ni wale wa 1916. Wengi wao wako makaburini, na maua yanapelekwa huko. Kile kiti cha katikati mkuu akikalie mwenyewe.

Nilikuangalieni mkiteleza baada ya mgawo. Upande wenu wa kushoto, nyuma, uko wazi kama mlango wa ghala, na yule msichana mrefu anageuka kwa upande mmoja tu. Mko kumi na wanne. Niandike wa kumi na tano. Kwa mechi nzima nina pumzi ya dakika nne, labda tano, na nitajua mwenyewe pa kuzitumia.

Jumatano nitakuwa mazoezini. Nahodha ni wewe. Ukinipanga benchi, nitakaa benchi na nitanyamaza. Ukinipanga jukwaani, sikai.

Shangazi yako, na beki wako,
Orysia