Mita Moja ya Zege

3 Machi

Baba, shikamoo. Mimi sijambo, hofu ni goti lako na presha ya mama. Kazi nimepata, ukarabati kwenye jengo la ghorofa arobaini. Utacheka: limekaa juu ya mipira. Mipira minene yenye chuma ndani, chini ya kila nguzo, na pembeni pote wameacha mwanya wa mkono mzima. Wanasema ardhi ikitikisika, jengo linacheza peke yake polepole. Ila mwanya unaingiza maji chumba cha jenereta, na anayedeki ni mimi.

Mwanao

15 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti ni lile lile. Nyumba ya kucheza ni ya watoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na miaka thelathini na moja ya uashi sijaacha ufa kwa mtu. Ziba kwa zege, kokoto ndogo, mwagilia siku saba. Watakupandisha cheo.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo, baba. Sina raha. Niliziba mita nne bila kuuliza. Mhandisi, mama mmoja asiyecheka, alipoona alikaa juu ya ndoo. Anasema nimelifunga jengo na ardhi. Tetemeko likija halitacheza, litagonga. Watu elfu mbili wako juu. Mashine ingeharibu mipira, kwa hiyo nabomoa kwa tindo na nyundo. Imebaki mita moja. Zege lako ni gumu kweli, baba.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu, redio imesema jana huko kumetikisika. Ile mita moja uliimaliza? Mama yako anauliza kwa nini sili, namwambia ni jino. Nijibu hata neno moja.

Baba

13 Aprili

Siku nane, kimya. Leo nimemwambia mama yako kila kitu. Kosa ni langu, si lako. Kama u hai, nitukane tu, nitashukuru.

Baba

14 Aprili

Baba, shikamoo. Anayeandika ni muuguzi, mimi nasema tu. Jengo lilicheza kama mhandisi alivyosema, na wote walishuka kwa miguu yao. Ilikuwa imebaki nusu mita, nami nilikuwa naigonga tetemeko lilipokuja. Ilipasuka ikanibana mkono wa kulia. Wameukata kwenye kiwiko. Mhandisi aliuliza nani alinifundisha kuziba vile. Nikasema nilijiamulia mwenyewe.

Mwanao

24 Aprili

Marahaba, mwanangu. Nimemsomea mama yako yote, pamoja na habari ya mkono. Mhandisi mwambie ni mimi, na anwani yangu mpe. Nimekutumia daftari la darasa la kwanza, lile la mistari miwili miwili. Anza na mkono wa kushoto. Hata barua ikija imepindapinda, nitaisoma.

Baba